Taarifa Inayojibu Swali: Matumizi ya Kumbukumbu za Kompyuta katika Vyama vya Msingi

(Mazungumzo kwa Makatibu na Wajumbe wa Bodi za Vyama vya Msingi vya Nyanda za Juu Kusini)



Mkutano mkuu wa chama cha msingi una desturi yake. Wanachama huanza kufika asubuhi, wengine wakiwa wametembea kutoka vitongoji vya mbali. Ajenda husomwa, kumbukumbu za mkutano uliopita huthibitishwa, kisha Katibu husimama na taarifa ya mwaka. Zamani taarifa hiyo ilikuwa kurasa mbili tatu zilizopigwa taipu, na kasoro yake ya kawaida ilikuwa uhaba wa habari. Siku hizi, katika vyama vilivyokwisha kupata kompyuta, kasoro imegeuka. Katibu huja na rundo la kurasa thelathini au arobaini, kila stakabadhi ya msimu ikiwa na mstari wake, na mwisho wa ukurasa wa mwisho pana jumla moja. Jumla hiyo husomwa kwa sauti. Ndipo mzee mmoja wa nyuma huinua mkono na kuuliza: mwaka huu tumelipwa pungufu kuliko wenzetu wa kijiji cha pili, nao mnada ni ule ule, sababu ni nini? Katibu hufunua kurasa zake, akafunua tena, na jibu halionekani.

Jambo la kusikitisha ni kwamba jibu mara nyingi limo humo humo. Limelala katika mistari elfu mbili ambayo hakuna aliyeiuliza neno.

Mazungumzo haya yahusu tofauti iliyopo baina ya kumbukumbu na taarifa. Kumbukumbu ni kila jambo lililoandikwa: mizani imesoma kilo 37, stakabadhi imetolewa, karani ameingiza. Taarifa ni jibu la swali ambalo kikao fulani kinapaswa kulitolea uamuzi. Kumbukumbu huwekwa kwa ajili ya lolote litakaloulizwa baadaye. Taarifa huandikwa kwa ajili ya watu fulani, siku fulani, juu ya jambo fulani. Katibu anayewapelekea wanachama kumbukumbu mahali pa taarifa amewatwika kazi iliyokuwa yake.

Shida ya wanachama kutojua mambo ya chama chao haikuletwa na kompyuta. Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao mwaka 1966 iliitaja miongoni mwa kasoro kubwa, pamoja na uhaba wa watumishi wenye ujuzi. Mwaka 1976 vyama vilivunjwa, na ununuzi ukapitia vijiji na mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirejesha. Leo vyama vimo chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 na usimamizi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, nayo Tume imeweka Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, uitwao kwa kifupi MUVU, ambao kwa huo vyama hupeleka habari na taarifa zao kwa njia ya mtandao. Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, hukagua hesabu. Hao wote wana maswali yao, na hayana budi kujibiwa kwa wakati. Lakini yapo makosa ya kudhani kwamba fomu ya Mrajis ikishajazwa, wanachama nao wamekwisha kupewa taarifa. Mrajis huuliza kama chama kinafuata sheria. Mkulima huuliza fedha yake imekwenda wapi.

KILICHOMO NDANI YA MASHINE

Hifadhidata, kwa wale ambao neno hili bado ni geni masikioni, haina ajabu kuliko kabati la leja. Ndani yake mna majedwali. Jedwali la wanachama ni lile daftari la wanachama, kila mtu mstari mmoja. Jedwali la mapokezi ni kitabu cha mizani, kila stakabadhi mstari mmoja. Liko la pembejeo zilizokopeshwa, na liko la malipo. Kinachoyafunga pamoja majedwali haya ni namba ya mwanachama.

Ni namba, wala si jina. Katika Rungwe na Kyela majina ya ukoo yanayoanza na Mwa- ni mengi mno, na karani mmoja huandika Mwakipesile, mwenzake akaandika Mwakipesire. Kwa macho ya binadamu huyo ni mtu mmoja. Kwa mashine ni watu wawili: mmoja ana kahawa na hana deni, mwingine ana deni na hana kahawa. Siku ya malipo wa kwanza hulipwa bila kukatwa, na wa pili huandikwa mdaiwa sugu. Iko pia hali ya mwanachama aliyefariki, ambaye watoto wake watatu wanaendelea kuuza kwa namba yake. Mashine itaonyesha marehemu huyo kuwa miongoni mwa wakulima hodari wa kijiji. Hilo si kosa la mashine, na haliwezi kurekebishwa na fundi wa kompyuta. Hurekebishwa na Bodi kwa kushughulikia urithi wa hisa kama masharti ya chama yanavyoelekeza.

Kwa hiyo kabla ya kutoa taarifa yoyote, kumbukumbu hukaguliwa kwanza. Stakabadhi zina namba za kufuatana. Mashine yaweza kuombwa itaje namba zilizorukwa, na kila iliyorukwa itafutiwe nakala yake kitabuni, iwe imefutwa kwa halali au imekosekana. Kazi hiyo huchukua dakika chache kwa kompyuta, na kwa mkono ilichukua siku mbili. Hii ndiyo faida ya kwanza ya chombo hiki, nayo haitumiwi sana.

Tarehe nazo zina hila yake. Umeme ukikatika au mtandao ukipotea, kituo huandika kwa kalamu, na karani huingiza mzigo wa siku nne kwa pamoja siku ya Jumatatu. Zipo basi tarehe mbili: siku kahawa ilipopimwa na siku ilipoingizwa. Taarifa ikivutwa kwa tarehe ya kuingizwa, itaonekana kana kwamba wakulima wote huvuna Jumatatu, na yeyote atakayetaka kujua ni siku gani upungufu ulianza atapotoshwa.

Yafaa pia kutofautisha sifuri na nafasi tupu. Sifuri maana yake mwanachama hakuleta kitu. Nafasi tupu maana yake haijulikani, pengine karani hajafika hapo. Mwenye kujaza sifuri kila mahali ili jedwali lipendeze amegeuza kutojua kuwa ushahidi, na msimu ujao mwanachama huyo aweza kunyimwa mkopo wa mbolea kwa kuwa "hakuuza chamani".

Kwa upande wa Iringa, ambako mahindi ndiyo mazao ya vyama vingi, kasoro kubwa ni kipimo. Mstari unaosema "gunia 200" haujataja uzito. Gunia ni chombo. Kuna gunia lililofungwa sawasawa na kuna lile la lumbesa ambalo wafanyabiashara hulipenda. Andikeni kilo. Na hata kilo zikiandikwa, unyevu uandikwe kando yake. Mahindi kilo 1,000 yaliyopokelewa yakiwa na unyevu wa 18 kwa mia, yakikaushwa hadi 13.5 kwa mia ambayo ndiyo ukomo wa viwango vya soko la Afrika Mashariki, hubaki kilo 948 hivi. Kilo 52 zimekwenda na upepo, wala hakuna aliyeiba. Mtunza ghala amewahi kushukiwa katika vyama kadha wa kadha kwa ajili ya maji yaliyokauka, kwa sababu tu taarifa ilikuwa na tarakimu ya kuingia na tarakimu ya kutoka bila safu ya unyevu katikati.

SWALI LA MZEE WA NYUMA

Sasa na lichukuliwe swali lile la malipo pungufu, na lijibiwe kwa mfano. Tarakimu zinazofuata ni za mfano wa kufundishia, si za chama chochote.

Chama cha kahawa kina vituo viwili, kila kimoja na mashine yake ya kumenyea na vichanja vyake. Kwa msimu mzima kimepokea kilo 46,000 za kahawa mbivu. Baada ya kumenywa, kuoshwa na kuanikwa imepatikana kahawa kavu, ile iliyo bado na ganda lake la ndani, kilo 8,740. Kila kilo ya kahawa kavu, ichukuliwe, imeleta chamani sh. 5,000. Mapato ni sh. 43,700,000.

Taarifa ya kawaida huishia hapo, nayo ni sahihi kwa kila tarakimu. Lakini wakulima hawa waliuza kahawa mbivu, na swali lao ni la kahawa mbivu. Mapato yakigawanywa kwa kilo 46,000 hupatikana sh. 950 kwa kilo, kabla ya makato. Kwa kawaida kilo 5 za matunda yaliyoiva vizuri hutoa kilo 1 hivi ya kahawa kavu. Kwa kipimo hicho chama kilitarajia kilo 9,200, yaani sh. 1,000 kwa kila kilo ya mbivu. Zimepungua kilo 460, thamani yake sh. 2,300,000. Mwanachama aliyeleta kilo 600 amepata sh. 30,000 pungufu. Tayari mzee wa nyuma amepata nusu ya jibu: bei ya mnada ni ile ile, lakini kahawa iliyofika mnadani ni chache kuliko ilivyotazamiwa kutokana na matunda yaliyopimwa.

Nusu ya pili yapatikana kwa kuiuliza hifadhidata swali lile lile kwa kila kituo.

Kituo cha kwanza kilipokea mbivu kilo 28,000 na kutoa kavu kilo 5,550. Kilitarajiwa kilo 5,600. Upungufu wake ni kilo 50, jambo la kawaida. Kituo cha pili kilipokea kilo 18,000 na kutoa kilo 3,190. Kilitarajiwa kilo 3,600. Upungufu ni kilo 410. Huko zilihitajika kilo 5.64 za mbivu kupata kilo moja.

Hapo taarifa imeanza kuwa na uzito, tena uzito wa hatari. Kwa kuwa malipo yalichanganywa, kila mwanachama alilipwa kwa kiwango cha sh. 950. Lau kila kituo kingelipwa kwa mazao yake, wa kituo cha kwanza wangepata sh. 991 na wa kituo cha pili sh. 886. Wanachama wa kituo cha kwanza wamebeba hasara ya wenzao bila kuambiwa. Pengine wangekubali kuibeba, maana ushirika ni pamoja na hilo. Lakini mtu hawezi kukubali jambo asilolijua.

Jaribu kubwa la Katibu huja wakati huu. Aweza kusimama mkutanoni na kusema kwamba kituo cha pili kimeiba kilo 410. Tarakimu hazisemi hivyo. Tarakimu zinasema kwamba kilo 410 hazikupatikana, na ziko njia nyingi za kutopatikana. Huenda mashine ya kumenya imelegea na kutupa buni pamoja na maganda. Huenda karani alipokea matunda mabichi na mepesi yanayoelea, kwa huruma au kwa ujamaa. Huenda mizani haikuhakikiwa na Wakala wa Vipimo. Huenda kweli kahawa iliondoka vichanjani usiku.

Kumbukumbu zenye tarehe husaidia kutenganisha njia hizi. Mapokezi ya kituo yapangwe kwa wiki, na kahawa kavu iliyotokana na kila wiki iwekwe mbele yake. Upungufu ukiwa umetanda sawasawa tangu wiki ya kwanza hadi ya mwisho, mizani na uchambuzi wa matunda ndivyo vitazamwe kwanza. Ukiwa umeanza ghafla wiki fulani na kuendelea, fundi aitwe aitazame mashine. Ukiwa umeingia wiki mbili tu kisha ukatoweka, orodha ya zamu za walinzi na vipimo vya magunia kwenye vichanja vya wiki hizo vitolewe. Kisha kuna mlango wa mwisho: uzito uliotoka ghala la chama ulinganishwe na uzito uliopokelewa kiwandani kwenda kukobolewa, na kilo 100 za kahawa kavu zilizoingia zitazamwe kama zimetoa kilo 80 hivi za kahawa safi. Kwa njia hiyo taarifa huwaambia wajumbe mahali pa kuanza kuchunguza bila kumhukumu mtu.

Yafaa ikumbukwe kwamba haya yote yanawezekana tu ikiwa kahawa kavu ya kila kituo imeandikwa peke yake. Vyama vingi huchanganya kahawa ghalani kwanza, kisha huandika. Swali ambalo halikufikiriwa mwanzo wa msimu mashine haiwezi kulijibu mwisho wa msimu, hata ingekuwa mpya kiasi gani.

MITEGO MICHACHE

Mtego wa kwanza huwanasa hata wenye elimu. Mwanachama ana stakabadhi 5 za kahawa na hati 3 za mkopo wa pembejeo. Katibu huiamuru mashine iunganishe jedwali la mapokezi na jedwali la pembejeo kwa namba ya mwanachama, ili aone kahawa na deni pamoja. Mashine hutii: huiambatanisha kila stakabadhi na kila hati, ikatoa mistari 15. Ukijumlisha, kahawa yake imekuwa mara tatu na deni lake mara tano. Hakuna onyo linalotokea, na jedwali hupendeza machoni. Dawa ni kujumlisha kwanza kila jedwali peke yake hadi kila mwanachama abaki na mstari mmoja, ndipo kuunganisha. Na dawa ya pili, ya kizamani, ni kulinganisha jumla ya taarifa na jumla ya kitabu cha mizani kabla ya kutia sahihi. Katibu wa mwaka 1985 alifanya hivyo kila jioni. Hakuna sababu ya wa leo kuacha.

Mtego wa pili ni wastani. Wanachama 10, tisa wameleta kilo 200 kila mmoja na mmoja ameleta kilo 3,200. Wastani ni kilo 500, na hakuna hata mtu mmoja aliyeleta kilo 500. Bodi ikipanga mkopo wa mbolea kwa kuuangalia wastani huo, itawatwisha tisa deni lisilolingana na mazao yao. Wanachama wapangwe kwa mafungu, waliouza chini ya kilo 300 ni wangapi, waliozidi kilo 1,000 ni wangapi, na wastani usiende mkutanoni peke yake.

Mtego wa tatu uko katika vyama vya akiba na mikopo. Mwanachama alikopa sh. 1,000,000, amerejesha sh. 300,000, na marejesho mawili ya sh. 100,000 kila moja yamepita tarehe. Taarifa nyingi huandika deni lililochelewa kuwa sh. 200,000. Hesabu hiyo ni kweli, lakini fedha iliyo hatarini ni sh. 700,000 nzima, kwa maana aliyeshindwa kulipa mara mbili aweza kushindwa yote. Bodi inayoona laki mbili hulala; inayoona laki saba humtuma mtu akazungumze na mdaiwa. Orodha ya madeni ipangwe kwa umri, tangu yaliyochelewa mwezi mmoja hadi yaliyopita mwaka, na mbele ya kila fungu liandikwe baki lote. Taarifa hiyo ndiyo ingefaa kuwekwa mezani kabla mkutano haujaombwa kupitisha ukomo wa madeni wa mwaka unaofuata, maana wanachama wanaonyoosha mikono siku hiyo ndio watakaobeba mzigo chama kikishindwa kulipa benki.

Mtego wa nne ni wa Nyanda hizi hasa. Mwaka 2012 Njombe ilitolewa katika Mkoa wa Iringa na kuwa mkoa. Mwaka 2016 Songwe ikatolewa katika Mkoa wa Mbeya, nayo Mbozi yenye kahawa nyingi ikaenda huko. Anayevuta taarifa ya kahawa ya "Mkoa wa Mbeya" kwa miaka ishirini ataona mazao yameporomoka ghafla, na asiyejua huenda akaandika sentensi ndefu juu ya ukame na magonjwa ya mibuni. Mibuni iko pale pale. Ni mpaka uliohama. Vivyo hivyo kwa Iringa bila Makete, Ludewa na Njombe yenyewe. Kila chama kipewe namba isiyobadilika mipaka inapobadilika, na taarifa za miaka mingi zikusanywe kwa vyama, halafu ndipo zipangwe kwa wilaya kama zilivyo leo au kama zilivyokuwa, mradi mwandishi aseme amefuata ipi.

Uko na mwingine mdogo. Mwaka wa hesabu na msimu wa zao si lazima viende pamoja. Kahawa ya Nyanda za Juu Kusini huanza kuvunwa katikati ya mwaka, na hesabu zikifungwa tarehe 30 Juni, msimu mmoja hukatwa vipande viwili. Chai ya Rungwe na Mufindi huchumwa mwaka mzima, kwa hiyo wenye chai hawaioni shida hii na hushangaa wenzao wa kahawa wanagombania nini.

UKURASA MMOJA

Wengi huuliza taarifa iwe na urefu gani. Kwa kikao cha Bodi, ukurasa mmoja watosha mara nyingi, na kumbukumbu zenyewe ziwepo ofisini kwa anayetaka kuhakikisha. Juu kabisa liandikwe swali kwa maneno ya kawaida: "Kwa nini kilo ya kahawa mbivu imelipwa sh. 950 badala ya sh. 1,000?" Chini yake jibu kwa sentensi mbili. Kisha jedwali dogo lisilozidi mistari sita au saba, lenye vipimo vilivyotajwa, kilo au shilingi, na tarakimu zilizokatwa vizuri. Hakuna haja ya kuandika senti katika mamilioni. Kisha mambo yasiyojulikana bado. Hapo ndipo makatibu wengi huona haya, wakidhani kukiri kutojua ni kujidhalilisha. Bodi iliyoambiwa kwamba mizani ya kituo cha pili haijahakikiwa tangu msimu uliopita yaweza kufanya jambo, iliyofichwa haiwezi. Mwisho liandikwe pendekezo, na gharama yake. Tarehe ambayo takwimu zilivutwa itajwe, kwa kuwa hifadhidata hubadilika kila siku, na taarifa mbili za siku mbili tofauti zitatofautiana hata kama zote ni za kweli.

Michoro ya rangi ambayo kompyuta huitoa kwa urahisi ina nafasi yake, hasa kwa kuonyesha wiki upungufu ulipoanza. Ile ya duara iliyokatwa vipande kama chapati haisaidii sana kikao cha wakulima, tena ikichapwa kwa mashine isiyo na rangi vipande vyote huwa vya kijivu.

Kwa mkutano mkuu, mambo yale yale husemwa kwa mdomo, kwa kumtumia mkulima wa mfano: aliyeleta kilo 600 amepata kiasi hiki, amekatwa hiki na hiki, amebaki na hiki. Kila msikilizaji atajipima mwenyewe kwa kilo zake. Tarakimu kubwa za chama zisomwe baadaye.

Jambo la majina lahitaji uangalifu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikutungwa kwa ajili ya makampuni ya mjini peke yake. Namba za simu, akaunti za benki na hali ya madeni ya mtu vimo katika kompyuta ya chama kwa sababu aliviamini chama, wala havikuwekwa ili vibandikwe mtini. Taarifa ya kituo au ya fungu la wanachama haihitaji jina la mtu. Mwanachama anayo haki ya kuona mistari yake mwenyewe, na katibu mwema humchapia ukurasa wake anapouomba, hata kama foleni ni ndefu.

Taarifa ikishajadiliwa hutolewa nakala tatu. Moja huingia jaladani pamoja na muhtasari wa kikao, ikiwa na sahihi ya Katibu na tarehe ya takwimu. Ya pili hupelekwa chama kikuu, ambako hulinganishwa na za vyama jirani. Ya tatu, isiyo na jina la mtu, hupelekwa kwenye kile kituo cha pili na kubandikwa karibu na mizani, mahali ambapo karani ataiona kila asubuhi kabla mkulima wa kwanza hajafika na debe lake.